Utitiri wa waridi: dawa kali si jibu

Jamani, sisi waandika programu twajua: hitilafu haiishi kwa kufunikwa. Ndivyo ilivyo kwa utitiri wekundu katika mabanda ya waridi hapa Ruiru na Thika. Kwenye joto na ukavu, yai huwa utitiri mzima kwa wiki moja hivi. Ukinyunyiza dawa ileile kila mara, wanabaki sugu, na hao ndio wanaozaa. Tena dawa kali huua hata maadui zao.

Miaka ya 2000, kampuni ya Real IPM ilianza kufuga Thika Phytoseiulus persimilis, utitiri anayekula utitiri. Basi nasema: geuza majani, hesabu, kisha waachilie walinzi hao mapema. Kwa nini mapafu ya mnyunyizaji yalipie ua la mtu mwingine? Mwaonaje?