Jembe Hutolewa na Mwenyeji

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kumsomea mgeni, tukisahau kwamba anayeagizwa ni mwenyeji: yeye ndiye mwenye jembe. Maisha ya Ibrahim Dogus yanatukumbusha hilo. Mkurdi huyu kutoka Uturuki aliingia Uingereza akiwa kijana mkimbizi, akafungua migahawa London, akaanzisha tuzo za wauza kebabu, akachaguliwa diwani wa Lambeth, wilaya ya jiji hilo, mwaka 2018, na mwaka uliofuata akawa meya wake. Husifiwa bidii yake, na anastahili. Lakini bidii ilihitaji pa kushika. Wakurdi wengi wa London walianzia kwenye karakana za kushona nguo. Kazi hizo zilipopungua, wakahamia biashara ya chakula, wakiwa na hifadhi na ruhusa ya kufanya kazi. Na kwa kuwa Uturuki haimo katika Jumuiya ya Madola, bila uraia Dogus asingeweza kugombea hata udiwani.

Wapo watakaosema kwamba wengine walipewa nafasi hizohizo na hawakuwa mameya. Ni kweli, ila sheria njema haihesabiwi kwa mameya iliowatoa. Inapimwa kwa muosha vyombo anayelala bila hofu ya kufukuzwa nchini. Wengine watakumbusha kwamba Dogus aligombea ubunge kwa tiketi ya Labour akashindwa mara mbili: kwa tofauti ya kura 3,148 katika Cities of London and Westminster mwaka 2017, na ya kura 1,593 huko West Bromwich East mwaka 2019. Lakini mwaka huo wa 2019 chama chake kilianguka katika ngome zake nyingi, na wagombea wazawa wakaanguka nacho. Tena, kushindwa kwenye sanduku la kura ni sehemu ya uraia: mgeni hufukuzwa, raia hushindwa akabaki.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa kuwa inakuja na sura ya sifa: kwamba mkimbizi alistahili nafasi kwa sababu ya wema wake. Baada ya shambulio la kigaidi la Westminster, London, la Machi 2017, mgahawa wake wa Troia uliwapa waokoaji chakula bila malipo. Tendo hilo ni jema, lakini haki ya mkimbizi isigeuzwe ujira wa wema wake. Anayetaka mgeni alime, ampe jembe kwanza, kabla hajajua atavuna nini.