Tusidharau soga za wazee wa ugoro

Mwanafunzi wa kidato cha nne ukimwuliza leo akutajie sifa za soga, atazimwaga kama maji: ni mazungumzo yasiyo rasmi, hayafungwi na mada moja, hujaa ucheshi na kejeli, na aghalabu hutiwa chumvi. Ataongeza na dhima zake, tena kwa nambari, maana ndivyo alivyofunzwa kuzikariri kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili. Lakini mwulize ni lini alipoketi mahali akaisikiliza soga ya watu wazima tangu mwanzo hadi mwisho, naye atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mwezini.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili limenikera kwa muda mrefu, hasa kwa kuwa mahali ninapofundisha soga haihitaji kutafutwa vitabuni. Kimuka ni soko dogo lililo chini ya milima ya Ngong, upande unaoteremkia Bonde la Ufa, kando ya barabara iendayo Suswa. Hapo, nyuma ya maduka, upo mgunga mmoja mkubwa, na chini yake hukutana kila asubuhi wazee saba au wanane wa Kimaasai. Kinachowakutanisha, kwa jina, ni ugoro. Kila mmoja ana kichupa chake, chake mwenyewe alichokitengeneza kwa pembe au alichonunua sokoni, na wanajua ugoro wa nani ni mkali na wa nani umechanganywa kwa uchoyo. Wanaulinganisha, wanaonjeshana, wanapiga chafya, wanacheka. Baada ya hapo habari huanza.

Wamaasai wana msemo kwamba habari, ilomon kwa lugha yao, huliwa. Si maneno matupu. Mtu akifika kutoka mbali, haulizwi swali moja akajibu neno moja. Huketi, akaanza alikotoka, akaeleza mvua ilinyesha wapi na haikunyesha wapi, malisho yakoje, nani mgonjwa, ng'ombe wa nani amepotea, nani ameoa, nini kilisemwa kwenye mkutano wa chifu. Mwenziwe huitikia "ee" kila baada ya kifungu, wala hamkatizi. Akimaliza, zamu humrudia msikilizaji naye atoe zake. Vijana wetu wasiojua utaratibu huu huuona kuwa upotezaji wa wakati. Mimi nauona kuwa ni nidhamu ya kusikiliza ambayo nimeshindwa kuikuta katika midahalo mingi ya shule, ambako mpinzani huanza kunyoosha mkono kabla mtetezi hajatoa hoja ya kwanza.

Sharti jingine la kikao hicho nililigundua polepole. Mtu akisema jambo, haliendi mbali kabla mmoja hajauliza: "Uliliona, au ulilisikia?" Jibu likiwa "nililisikia", swali la pili hufuata papo hapo: "Kwa nani?" Halafu la tatu: "Naye alilipata wapi?" Habari isiyoweza kuvuka maswali hayo matatu haikataliwi kwa matusi. Huachwa tu pale chini, kama ugoro uliomwagika, na mazungumzo yakaendelea na jambo lingine.

Nilishuhudia nguvu ya maswali hayo wakati mmoja ulipoenea katika simu za watu wa hapa ujumbe uliodai kwamba hati zote za ardhi za eneo hili zingefutwa kufikia mwisho wa mwezi, isipokuwa zile ambazo wenyewe wangelipa ada fulani kupitia kwa wakala. Ulikuwa umepambwa kwa nembo na muhuri. Walimu wenzangu, watu wenye shahada, waliusambaza kabla ya kifungua kinywa. Kijana mmoja alikuwa tayari amezungumza na mnunuzi ili auze kipande cha ardhi ya mama yake, apate hiyo ada ya kuokoa kilichosalia. Mama huyo alikwenda chini ya mgunga. Wazee, ambao wengi wao hawajui kusoma, waliagiza ujumbe usomwe kwa sauti mara mbili, kisha wakauliza: Umetoka kwa nani? Sahihi ni ya nani? Siku iliyotajwa ni ya kazi au ni Jumapili? Ilikuwa Jumapili. Wakamtuma mmoja wao aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi kuuliza, akarudi alasiri na jibu kwamba hakuna amri ya namna hiyo. Kipande hicho cha ardhi kipo hadi leo.

Msomaji asiyeijua Kajiado huenda akafikiri natia chumvi umuhimu wa jambo hilo. Lakini hapa neno moja la uongo kuhusu ardhi laweza kuzigharimu jamaa tatu. Ranchi za jumuiya zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zilianza kugawanywa miongo michache baadaye; ile ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila aliyekwenda Kitengela siku hizi ameyaona matokeo kwa macho yake: maghorofa, kuta za mawe na msongamano wa magari mahali palipokuwa na njia za nyumbu na pundamilia watokao Mbuga ya Nairobi. Wimbi hilohilo limetufikia Kimuka. Reli mpya ya kutoka Nairobi hadi Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019, hupenya chini ya milima ya Ngong kwa handaki la takriban kilomita nne na nusu na kutokea upande wetu huu wa Bonde la Ufa, na kila inapopita miundombinu mikubwa, madalali hawakosi kuifuata. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ipo, lakini sheria haimwulizi mtu "kwa nani?" asubuhi anapoletewa karatasi atie kidole gumba. Wazee wale huuliza.

Hapana budi sasa niuguse ugoro wenyewe, maana najua mwalimu mkuu yeyote asomaye makala haya amekwisha kukunja uso. Yuko sahihi kuukunja. Ugoro wa hapa ni majani ya tumbaku yaliyokaushwa, yakasagwa, yakachanganywa na magadi, na magadi hayo hatuyatafuti mbali, kwa kuwa Ziwa Magadi limo katika kaunti hiihii na magadi yake yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu 1911. Mwenzangu wa Kemia alinieleza kwa nini wahenga waliupenda mchanganyiko huo: magadi ni besi, na besi huifungua nikotini ipenye upesi zaidi katika utando wa pua na mdomo. Kwa maneno mengine, kinachoufanya ugoro uwe mtamu ndicho kinachoufanya uwe mtego. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka tumbaku isiyo ya moshi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya mdomo, umio na kongosho bila shaka yoyote. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumwuzia bidhaa yoyote ya tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18, na ugoro umo ndani ya sheria hiyo hata kama muuzaji wa rejareja hujifanya hajui.

Zaidi ya hayo, tumbaku imebadilisha sura. Mwanafunzi wa leo hatafuti pembe ya babu yake. Huletewa kuber, ile tumbaku ya kutoka India iliyofichwa ndani ya paketi kama kiburudisho cha kinywa, au vile vifuko vyeupe vya nikotini vilivyoingia madukani humu nchini mwaka 2019, vyenye harufu ya mnanaa, visivyo na moshi wala chafya ya kumfichua mtumiaji. Hutumia peke yake, chooni au chini ya blanketi la bweni, akiwa kimya na simu mkononi. Ndipo ninapoona kinyume cha kusikitisha: babu na mjukuu wote wametekwa na jani lilelile, ila babu alipata pamoja na ulevi huo marafiki, mashauri na habari zilizochekechwa, na mjukuu amepata ulevi mtupu.

Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili kabla yetu. Neno "uraibu", ambalo leo twalitumia kwa maana ya utumwa wa dawa za kulevya, katika kamusi za zamani lilikuwa ni ule mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ambao watu wa mwambao waliutafuna wakiwa wamebarizi. Uraibu ulikuwa kitu cha kumkaribishia mgeni, cha kuanzishia maongezi barazani. Neno limehama kutoka katika sinia la mwenyeji likaingia katika kitanda cha mgonjwa. Mwalimu wa Kiswahili aweza kulifanyia somo zima neno hilo moja, na namhimiza afanye hivyo.

Wala si kwetu tu ambako tumbaku na habari zimekaa jamvi moja. Kule Havana, Cuba, mwaka 1865, wasokotaji wa sigara kubwa katika kiwanda cha El Fígaro walianza desturi ya kumchagua mtu wa kuwasomea kwa sauti huku wao wakiendelea kusokota. Aliwasomea magazeti na riwaya. Ujira wake haukutoka kwa tajiri; waliuchanga wenyewe kutoka katika mishahara yao midogo. Serikali ya kikoloni ya Uhispania iliingiwa na hofu, ikaipiga desturi hiyo marufuku mwaka uliofuata, lakini ikafufuka tena na mpaka karne hii bado ipo. Sigara ya Montecristo, ambayo matajiri wa dunia huilipia fedha nyingi, ilipewa jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas, na yasemekana ni kwa kuwa wasokotaji waliipenda mno walipokuwa wakisomewa. Nawataja watu hao kwa sababu moja: wengi wao hawakujua kusoma, lakini hawakukubali kukaa gizani, wakatoa jasho lao ili habari iwafikie ikiwa nzima.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule jirani, hakubaliani nami hata kidogo. Asema kikao cha mgunga ni cha wanaume peke yao, kwamba kina mama hawana nafasi pale ila wakija na shida, na kwamba mengi yasemwayo ni umbea uliovishwa shuka jekundu. La kwanza ni kweli, na sitalitetea. Kina mama wa Kimuka wana baraza yao kwenye foleni ya maji na mahali pa kuuzia maziwa, na nijuavyo mimi habari za kule hufika upesi na kwa usahihi zaidi, ila hakuna mtafiti wa kiume anayekaribishwa kuzisikiliza. Wanafunzi wa kike wangefaa kutumwa huko. La pili silikubali. Umbea haumwulizi msemaji alilipata wapi neno lake, tena humpendelea yule anayelitia pilipili. Pale mgungani nimewaona wakimnyamazisha mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kwa sababu alikiri kwamba hakuwapo.

Mnamo Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bunge, kikao hicho kilidumu siku nzima. Redio ilisema hivi, simu za wajukuu zikasema vile. Mzee mmoja alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema: "Mwalimu, hao watoto wana habari nyingi kutuzidi. Lakini nani amewaketisha akazila pamoja nao?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa ratiba ya shule yangu ina vipindi arobaini kwa wiki na hakuna hata kimoja cha kazi hiyo.

Twajisifu kwamba mtaala mpya wa umilisi umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa stadi ya kwanza ya Kiswahili. Ni vyema. Hata silabasi inayoondoka, ambayo mtihani wake wa mwisho wa KCSE utafanywa mwaka 2027, imewataka wanafunzi siku zote kujua mbinu za utafiti wa nyanjani: kushiriki, kutazama, kuhoji, kurekodi. Lakini ni shule ngapi zilizowahi kumpeleka mwanafunzi nyanjani? Tumegeuza hata utafiti kuwa orodha ya kukariri. Mwanafunzi huandika kwamba mtafiti "huenda akakumbana na tatizo la lugha", ilhali yeye mwenyewe ni mwana wa Mmaasai, ameketi dawati moja na mwana wa Mkikuyu na wa Mkamba, na wote watatu wangeweza kulitatua tatizo hilo kwa asubuhi moja tu: mmoja akasikiliza Kimaa, akatafsiri, wenziwe wakaandika Kiswahili na kubishana juu ya neno lifaalo.

Wakati nao hautungoji. Uwanja ule wenye mgunga umekwisha kuuzwa. Vigingi vya mpaka vimepigwa, na mmoja uko hatua chache kutoka kwenye shina. Wazee wanajua, wanalizungumza bila kelele, na wamekwisha kuanza kutafuta kivuli kingine, ijapokuwa karibu na barabara hakuna uwanja usio na ua.

Niliwaendea nikaomba niwalete wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha nne, Jumamosi mbili za kwanza za muhula ujao. Nilitaja suala la ugoro kwa haya, nikitumia heshima zote nilizofunzwa, nao wakacheka. Vichupa vitakaa mifukoni hadi watoto waondoke, mkubwa wao akaahidi, ila akaweka sharti lake pia: kila mwanafunzi aje na habari moja aliyoishuhudia kwa macho yake mwenyewe, kwani hakuna aketiye pale kula habari za wenzake bila kuleta zake. Nimewapa wanafunzi sharti hilo tangu wiki jana. Kufikia sasa ni wanne tu waliopata habari ya kupeleka.