Nani Anamkamua Ng'ombe Huyu?

Ndugu msomaji, naanza na neno moja: hasara.

Nilidhani nalijua neno hili. Kwetu Machochwe, wilaya ya Serengeti, hakuna anayehitaji kamusi ili alielewe. Tembo akitoka hifadhini usiku akaingia shambani, asubuhi unasimama pembeni mwa mahindi yaliyolala chini, unasema: hii ni hasara. Ng'ombe akiibwa, hasara. Lakini nilipoanza kufuatilia mambo ya bima ya afya nilikuta wenzetu wa mezani nao wanalo neno hilo hilo, ila wamelipindua. Katika hesabu za biashara ya bima, fedha inayotoka kwenda kumtibu mgonjwa ndiyo hasara. Wamarekani wameipa hata jina rasmi: ile sehemu ya ada inayorudi kwa mgonjwa wanaiita kiwango cha hasara ya tiba. Yaani kidonge cha presha alichomeza mama yangu, kwao ni tembo aliyeingia shambani!

Hapo ndipo nilipoiweka riwaya yangu kando. Mtu anayetaka kuishi kwa kuandika hawezi kuona neno limeibwa hivyo akanyamaza.

Nisieleweke vibaya. Sipingi bima. Wakurya tulikuwa na bima kabla ya makaratasi. Tuna risaga: leo wote tunalima kwako, kesho wote tunalima kwangu, na mwenye shamba anatuandalia pombe au togwa. Mzima anambeba mgonjwa kwa sababu anajua zamu yake itafika. Ndiyo bima hiyo. Tofauti ni kwamba katika risaga kila mtu anaona jembe la mwenzake. Anayekuja kunywa tu anajulikana kabla jua halijawa kali.

Sasa tuangalie jinsi jembe lilivyotoka machoni mwetu. Zama za Ujamaa matibabu yalikuwa bure, na mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji gharama, neno zuri lenye maana ya kwamba mlalahoi atoe pesa dirishani. Halafu mwaka 1996 yakatokea mambo mawili. Huko Igunga, Tabora, ukaanza kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii, ile CHF yetu ya vijijini. Na mwaka huo huo sheria mpya ya bima ikafungua mlango kwa makampuni binafsi, baada ya Shirika la Bima la Taifa kushika soko lote peke yake tangu 1967. Mkulima akapewa mfuko wake, mwenye mtaji akapewa soko lake. Watumishi wa serikali nao wakapata mfuko wao, NHIF, kwa sheria ya mwaka 1999, wanachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3.

Mama yangu yuko katika kundi la kwanza. Aliuza ulezi akalipa shilingi 30,000 za CHF, kadi moja kwa kaya ya watu 6. Aliifunga kwenye kipande cha khanga pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Siku presha ilipompanda tukampakia kwenye bodaboda. Mahali tulipofika, ambapo sipataji, kadi ilipokelewa kwa heshima zote. Ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Kisha tukaambiwa: dawa hakuna, nendeni duka la dawa hapo nje. Duka halikuitaka kadi, lilitaka pesa. Nikamwacha mama kwenye benchi nikaenda kukopa.

Swali lililoniuma siku ile silo la dawa kwisha. Dawa huisha. Swali ni hili: ile 30,000 iko wapi? Nilimuuliza mtu wa dirishani, kijana wa rika langu, mwenye adabu. Alicheka kidogo akasema, "Kaka, hata mimi sijui." Nilimwamini. Na hilo ndilo lililonitisha.

Jamani, bima yenyewe haina ubaya, tunaiona kila msimu ikifanya kazi. Mtalii akiumia hifadhini Serengeti, ndege ya madaktari inaweza kumfuata ikampeleka Nairobi, kwa sababu ana bima na bima yake inalipa. Ndege ndogo zinapita juu ya mapaa yetu ya bati. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani.

Sasa twende huko atokako mtalii, Marekani, tuone bima iliyokomaa inafananaje. Kampuni kubwa kuliko zote huko, UnitedHealth Group, ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 22 mwaka 2023. Mkuu wake wa wakati huo, Andrew Witty, alilipwa kwa mwaka huo jumla ya dola milioni 23.5, sehemu kubwa ikiwa hisa. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya kidato cha pili. Ni kama dola 64,000 kwa siku, pamoja na Jumapili. Ukiikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 160. Kwa bei ya kadi ya mama yangu, siku moja ya bwana yule ni kadi za kaya zaidi ya 5,000.

Wamarekani si wajinga, walijaribu kumfunga kamba. Sheria yao ya mwaka 2010, ya wakati wa Obama, inasema katika kila dola 100 za ada kampuni itumie angalau dola 80 kwa tiba, au 85 kwa bima za makundi makubwa. Ikipungukiwa, iwarudishie wateja tofauti. Ni sheria nzuri. Lakini asilimia ina ujanja wake: ada zikipanda, ile 15 au 20 inayobaki nayo inanenepa. Tena kampuni ikimiliki madaktari na maduka ya dawa, inajilipa yenyewe na kuandika kwamba imetibu. Umefunga mlango wa mbele, dirisha liko wazi.

Desemba 2024 mkuu wa tawi la bima la kampuni hiyo, Brian Thompson, aliuawa kwa risasi mtaani New York, na wako watu waliomcheka marehemu. Mimi simo. Wakurya tunasemwa nchi nzima kwamba tuko wepesi wa panga, basi nisikilizwe ninaposema hivi: risasi haikagui vitabu. Aliyekufa ameacha watoto, na mahesabu yamebaki kabatini kama yalivyokuwa. Kwetu mwizi wa ng'ombe huitwa kwenye iritongo, baraza la kimila, akaulizwa mbele ya wote: ng'ombe walikuwa wangapi, wamepita wapi, nani alikuwa nawe? Hilo ndilo ninalolitaka.

"Wewe kijana," mtu atasema, "ya Marekani yanatuhusu nini? Mfuko wetu ni wa umma, hauna wenye hisa." Kweli. Tena mfuko wetu haulalamikiwi kwa faida. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu iliyotolewa mwaka 2023 ilionya kwamba NHIF inapata hasara ya mabilioni. Na hapa ndugu msomaji tuwe makini, maana neno letu limerudi. Hasara ipi? Kama fedha imekwisha kwa kutibu watu, hiyo si hasara, hiyo ndiyo kazi ya mfuko. Kama imeliwa na madai ya uongo, au imekopeshwa bila kurudi, au imekuwa shangingi na posho, hapo ni hasara ya kweli. Ukiyachanganya haya mawili katika neno moja, atakayelipa ni mgonjwa.

Na alilipa. Machi 2023 Toto Afya Kadi, iliyomtibu mtoto mwaka mzima kwa shilingi 50,400, ilisimamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa, gharama zikazidi michango. Hoja hiyo naielewa: risaga ya wagonjwa watupu hailimi. Lakini mlango ulifungwa kwanza kwa nani? Kwa mtoto. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa kubwa za binafsi ziligoma kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya bei mpya za mfuko. Mwenye hospitali alisema bei inamuua, mfuko ukasema bei ni halali. Wote wawili walikuwa na vitabu vya hesabu. Aliyesimama katikati alikuwa na kadi tu.

Tuvuke mpaka, kwa Wakurya wenzetu wa Isebania na Kehancha. Kenya iliufuta mfuko wake wa zamani, na tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya mfuko mpya chini ya mamlaka iitwayo SHA. Mwaka 2025 ikatoka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wao kuhusu mfumo wa kompyuta wa mamlaka hiyo, wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 104.8: haukupatikana kwa zabuni ya ushindani, na serikali siyo mmiliki wake. Ona basi! Si lazima ulaji uitwe faida, wala usiitwe mshahara wa mkubwa. Unaweza kuitwa mfumo.

Nayasema haya kwa sababu zamu ni yetu. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulipokuwa ukijadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa hadharani kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu 6, zaidi ya mara kumi ya kadi ya mama yangu. Mabishano yote yakawa juu ya kiwango: mwananchi atoe ngapi? Sikusikia kelele za namna hiyo juu ya swali la pili: katika kila shilingi 100 atakayotoa, ngapi zitamfikia mgonjwa, na ngapi zitabaki njiani?

Nilipomweleza mzee mmoja wa hapa kijijini, alinitazama muda mrefu kisha akasema: "Mura, anayechunga ng'ombe lazima anywe maziwa." Nikamjibu: ni kweli, mzee, na anywe. Kazi ya kukadiria magonjwa ya mamilioni ya watu inataka wataalamu, na mtaalamu halipwi kwa asante. Lakini wewe mzee ulipokuwa unamweka mchungaji, hukukubali aende na kibuyu asikirudishe. Kila jioni kilirudi nyumbani, kikaonekana. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hapo umenena."

Basi madai yangu ni matatu. La kwanza: kila mfuko na kila kampuni itakayouza bima ya afya chini ya sheria hii ibandike hesabu yake kila mwaka kwenye ukuta wa kila zahanati, kwa Kiswahili cha kusomeka: katika shilingi 100, tiba ngapi, ofisi ngapi, faida ngapi. La pili: mshahara na marupurupu ya mkuu wake yaandikwe hapo hapo chini. Kama ni halali, aibu ya nini? La tatu: sehemu ya ofisi iwekewe kikomo, na mahali pasipo na dawa mwenye kadi arudishiwe alichotoa dukani.

Wataniambia wanakijiji hawatazielewa hesabu hizo. Waje Machochwe siku ya mnada wamwone bibi asiyejua kusoma akikokotoa bei ya ndume watatu bila kalamu.

Na ninyi waandishi wenzangu wa kurasa hizi, nina neno nanyi pia. Katika hadithi zetu mbaya wa hospitali ni daktari mla rushwa au nesi mwenye mdomo. Hata katika riwaya yangu nilimweka nesi wa namna hiyo, nikamfurahia. Nimemfuta. Yule kijana wa dirishani aliyesema "hata mimi sijui" ni maskini mwenzangu tu. Mtu ninayemtafuta hana koti jeupe, hajawahi kuonwa na mgonjwa hata mmoja, na jina lake liko katika ukurasa wa hesabu ambao hakuna aliyetusomea.

Kadi ya mama inakaribia kwisha muda. Ameshatenga debe la ulezi la kuuza, na amesema atalipa, maana asiyelipa ana hali mbaya zaidi. Nitakwenda naye. Nitachukua daftari na kalamu, nitauliza tena swali lile lile, na jibu nitakalopewa nitaliandika kama lilivyo.