Ujira wa Dereva Afungaye Shehena kwa Mikono Yake

Kijana wa nchi hii aliyemaliza shule bila ya kupata nafasi ya kuendelea na masomo, au aliyechoshwa na udereva wa daladala ambao mapato yake huanza kuhesabika baada tu ya tajiri wa gari kupelekewa hesabu yake ya siku, aghalabu huyaelekeza matumaini yake kwenye malori makubwa yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, Lusaka, Kasumbalesa na Lubumbashi, akiamini kwamba huko ndiko uliko ujira mnono kwa mtu mwenye siha njema asiyeikimbia kazi ya sulubu. Imani hiyo ina msingi, wala siandiki ili niibomoe. Naandika kwa sababu ujira huo, ambao kwa hakika upo, hulipwa kwa namna inayomdhulumu yule yule anayeutolea jasho, na kijana aingiaye katika kazi hii bila ya kulifahamu jambo hilo aweza kuitumikia kwa miaka mingi na kutoka mikono mitupu.

Wako watu, na baadhi yao ni waajiri, wanaodhani kwamba dereva wa lori hukaa kwenye kiti akazungusha usukani mpaka afike. Dhana hiyo yaweza kuukaribia ukweli kwa mchukuzi wa kontena, ambalo hushikwa na vifungo vya pembeni mwa tela na kutiwa lakiri ya forodha kabla ya kutoka bandarini, na baada ya hapo dereva hana ruhusa wala haja ya kuigusa shehena iliyomo. Lakini yeye achukuaye magunia ya mbolea au salfa ya migodini juu ya tela la wazi, au nondo na mabomba, au mtambo wa machimbo juu ya lobedi, yaani tela la kimo cha chini, au mafuta katika tangi, huyo ni dereva, ni hamali, ni fundi na ni mlinzi kwa wakati mmoja. Na zamani alikuwa na utingo wa kumsaidia, ilhali leo makampuni kadhaa yamemwondoa utingo ili kupunguza gharama, yakamwachia mtu mmoja kazi ya wawili bila ya kumwongezea ujira wa yule aliyeondoka.

Mtazame afungaye turubai. Hupanda juu ya magunia, kimo cha watu wawili au zaidi kutoka ardhini, akalikunjua turubai ambalo likiwa kavu tu ni mzigo wa kulemea mabega na likilowa mvua huwa zito mara dufu. Hulitandaza, akashuka, akazungukia kila ndoano iliyo ubavuni mwa tela akivuta kamba kwa uzito wa mwili wake wote, na mikunjo yote huielekeza nyuma, kwa maana mkunjo mmoja uliotazama mbele hupokea upepo wa mwendo na kulipasua turubai zima kabla ya kufika Chalinze. Mwenye nondo naye hufunga minyororo, akaenda mwendo mfupi, kisha akasimama na kukaza upya, kwa kuwa chuma hujipanga na kushuka kadiri gari linavyotikisika, na mnyororo uliokuwa umekaza yadini huwa umelegea barabarani. Asiyejua hilo hujifunza kwa msiba.

Niliwahi kuwa katika basi lililozuiwa na foleni mlimani Kitonga, pale barabara inapopanda kwa kona za mfululizo kuelekea Iringa, nikamwona dereva wa lori akibadili tairi la ndani katika jozi ya nyuma. Alikuwa ametandaza matawi mabichi ya miti barabarani ili kuwaonya wenzake, ametia mawe nyuma ya magurudumu, na bomba refu la chuma amelichomeka kwenye mpini wa spana, akasimama juu yake na kurukaruka ili bolti moja ilegee, na bolti zilikuwa kumi. Tairi la lori pamoja na rimu yake hukaribia kilo 100, na la ndani halitoki mpaka la nje liondolewe kwanza, kwa hiyo aliinua mzigo huo mara nne, kutoa mawili na kurudisha mawili, peke yake, huku malori yakimpita kwa umbali wa dhiraa mbili. Alipomaliza alinawa mikono kwa maji ya kwenye kidumu, akapanda, akawasha gari. Saa hizo zote hakuna aliyemwandikia popote kwamba alikuwa kazini.

Kazi hii si ngeni katika njia hii. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, malori ndiyo yaliyoibeba nchi hiyo changa juu ya barabara ya vumbi na utelezi, yakipeleka mapipa ya mafuta na kurudi na shaba, na kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services iliundwa mwaka 1966 kwa ajili hiyo, kabla ya bomba la mafuta la TAZAMA kufunguliwa mwaka 1968 na kabla ya reli ya TAZARA kukabidhiwa mwaka 1976. Viongozi walioyapanga hayo wametajwa kwa majina katika vitabu vya tarikh, nao wanastahiki. Madereva waliolala matopeni pamoja na mapipa yao hutajwa kwa jumla tu, na naona kwamba mazoea ya kuihesabu kazi yao kuwa ni jambo la kujiendea lenyewe yalianza huko.

Sasa niuendee ujira wenyewe. Desturi iliyoenea ni kwamba dereva wa safari ndefu huwa na mshahara mdogo wa mwezi, na juu yake hukabidhiwa posho ya safari, ambayo ndani yake mna chakula chake, malazi, maegesho, pancha na dharura nyingine za njiani, na kile anachoweza kukibakiza baada ya hayo yote ndicho kinachomlipia kodi ya nyumba na ada za watoto. Mtu akikuambia kwamba dereva wa njia ya Kongo ana mapato mazuri, mara nyingi anazungumzia baki la posho, wala hazungumzii mshahara. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Mshahara ni haki. Baki la posho ni bahati, na bahati hiyo imo mikononi mwa foleni ya mpakani. Lori likikaa Tunduma au Kasumbalesa siku nyingi kuliko ilivyokadiriwa, posho huliwa na kusubiri, na mtu aliyefunga turubai, akabadili matairi na kulala chini ya tela lake akiilinda shaba isiibwe hurudi nyumbani akiwa na deni. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, foleni za vipimo mipakani zilipowaweka madereva barabarani kwa siku nyingi, jambo hili lilionekana waziwazi, kisha likasahauliwa.

Posho huzaa maovu mengine mawili ambayo sote tunayajua. Humfanya dereva akimbie usiku akiwa na usingizi, kwa sababu kila usiku anaoulala ni fedha inayomtoka mfukoni. Na humtia katika majaribu ya kunyonya mafuta ya tajiri na kuyauza kwa madumu kandokando ya barabara. Wizi huo siutetei, wala hauna udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya sheria. Walakini mwajiri aliyeamua kumlipa mtu wake kwa baki amekwisha kumfundisha kwamba riziki yake hupatikana kwa kupunguza, na haimpasi kustaajabu mafunzo hayo yanapovuka mpaka.

Aidha kuna hasara iliyo kubwa kuliko hizo, nayo haionekani mpaka siku ya shida. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, na posho ya safari haimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo aliyezunguka Lubumbashi kwa miaka 20 hukuta kiinua mgongo na pensheni yake vimepimwa kwa ule mshahara mdogo ulioandikwa, wala si kwa mapato yaliyomlisha. Hali kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humkadiria aliyeumia kazini kwa kuyatazama mapato ambayo mwajiri ameyaandikisha. Aliyeteleza juu ya turubai lililolowa akavunjika nyonga, jambo ambalo katika kazi hii si la ajabu, hulala kitandani akilipwa fungu la kile kidogo.

Sheria haituzuii kulitengeneza jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa ukomo wa kawaida wa kazi kwa juma, na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zimeamriwa zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kufunga turubai ni kazi. Kukaza minyororo ni kazi, kubadili tairi ni kazi, na kusubiri mpakani huku ukiilinda mali ya mtu mwingine, bila ya ruhusa ya kwenda zako, nako ni kazi. Hayo yote yapasa kuwamo ndani ya mkataba, kila moja na malipo yake, na malipo hayo yaingie katika mshahara unaokatwa mchango. Huko Marekani, ambako wako watu wa Afrika Mashariki wanaoishi kwa kazi hii na ambako madereva wengi hulipwa kwa maili, sheria ya kazi ya mwaka 1938 huwaacha madereva wa kati ya jimbo na jimbo nje ya haki ya malipo ya saa za ziada. Hata hivyo makampuni mengi ya tela za wazi humwongezea dereva kiasi maalumu kwa kila mzigo alioufunika turubai, na mengi hulipa kusubiri baada ya muda uliokubaliwa kupita. Ikiwa jambo hilo limewezekana mahali ambapo sheria ni dhaifu kwa dereva, halishindikani hapa ambapo maandishi ya sheria yako upande wake.

Kwa kijana aitafutaye kazi hii nina nasaha, nazo si nyingi. Leseni ya daraja E na mafunzo ya magari makubwa, kama yale yatolewayo katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, humfungulia mlango, lakini hayamtofautishi na mamia ya wengine waliosimama mlangoni hapo. Kinachomtofautisha ni ujuzi wa mikono. Naamini kwamba lobedi na tangi ni bora kuliko kontena kwa mwenye kutaka ujira wa kudumu, kwa sababu mwajiri aliyempata mtu awezaye kupandisha tingatinga juu ya lobedi na kulifunga lisicheze, au kuunganisha mipira ya tangi bila ya kumwaga tone, hawezi kumfukuza asubuhi na kumpata mwingine jioni. Tangi lina hatari yake, na aliyesahau aikumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Hatari kama hiyo nayo ina haki ya kulipiwa. Kabla ya kutia saini aulize: mshahara ni kiasi gani bila ya posho, siku za foleni hulipwaje, utingo yupo au hayupo, na tairi likipasuka gharama ni ya nani. Mwajiri akijibu kwamba mambo hayo hutazamwa huko huko safarini, aelewe kwamba ameambiwa hapana.

Najua watakalolisema wenye malori: kwamba nauli za mizigo zimebanwa na ushindani, kwamba mafuta ni ghali, na kwamba kampuni itakayopandisha mishahara peke yake itashindwa na jirani yake aliyebaki na posho. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli, suluhu haiwezi kuachiwa hisani ya tajiri mmoja mwema. Yapasa iwe amri kwa wote kwa siku moja. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa waliyoyadai. Zikafuata ahadi na vikao, na tangu hapo wengi wamepewa karatasi iitwayo mkataba ambayo imeutaja mshahara mdogo na kunyamaza juu ya kazi yote niliyoieleza hapo juu.

Njia ya kuisimamia amri hiyo tunayo tayari. Lori litokalo Dar es Salaam husimamishwa kwenye mizani ya Vigwaza, na husimamishwa tena kwenye mizani nyingine kabla ya kufika Tunduma, ekseli zake zikapimwa moja moja, na likizidi ukomo wa tani 56 uliokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa faini wala haliendi mpaka lipunguziwe mzigo. Serikali imeweza kufanya hivyo kwa ajili ya kuihifadhi lami, na imefanya vyema. Basi na Wizara ya Kazi imweke afisa wake katika mizani hizo hizo, aombe nakala ya mkataba pamoja na leseni, asome kama malipo ya turubai, ya minyororo na ya kusubiri yameandikwa, na kampuni iliyomtoa dereva wake barabarani bila ya maandishi hayo itozwe faini pale pale, kama inavyotozwa iliyozidisha uzito.