Injini ndogo ya Probox na mzigo mkubwa wa Bonde la Ufa

ANAYESIMAMA kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit alfajiri hangoji sana kabla ya kuona Toyota Probox ikipanda mlima, nyuma imelalia magurudumu kwa uzito wa abiria, madebe ya maziwa na magunia ya viazi. Katika njia za Njoro, Molo, Subukia na Olenguruone, gari hili ndilo matatu, ndilo lori dogo na wakati mwingine ndilo ambulensi.

Sifa za Probox ni sifa za injini yake. Mashine inayojulikana kwa mafundi kama 1NZ ina silinda nne, vali 16 na ujazo wa sentimita 1,496. Probox ilipoanza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 2002, injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 109. Haitumii mshipi wa taiming unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda, bali cheni. Isitoshe, kwa kuwa haifikii ujazo wa sentimita 1,500, ilinusurika Sheria ya Fedha ya 2019 ilipopandisha ushuru wa bidhaa kwa magari makubwa ya petroli kutoka asilimia 20 hadi 25.

Hata hivyo, sifa hizo njema zimezaa imani potovu kwamba injini hii haifi. Ukweli ni kwamba inafanyishwa kazi ambayo haikuundiwa, tena mahali ambapo hewa yenyewe ni adui.

Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachang'wan hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Injini isiyo na taboo hutegemea msukumo wa hewa iliyopo. Nakuru, msukumo huo ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na Timboroa ni kama asilimia 72. Kwa hivyo farasi 109 wa Mombasa hubakia kama 87 mjini Nakuru na chini ya 80 kileleni. Kiwandani, Probox ilikadiriwa kubeba mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili tu. Dereva aliyepakia watu wanane hana budi kukanyaga mafuta hadi mwisho, na joto hupanda.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza hujitokeza. Maji huchemka kwa digrii 100 pwani, lakini Nakuru huchemka kwa digrii 94 hivi, na Timboroa 91. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana maji na kuongeza kiwango hicho kwa zaidi ya digrii 20. Kifuniko kilichochakaa, au cha bei rahisi kisichobana, huondoa kinga hiyo yote. Aidha, baadhi ya mafundi huing'oa themostati wakidhani wanasaidia, na wenye magari hujaza maji ya mtoni badala ya dawa ya rejeta. Kutu huziba mifereji, pampu ya maji huanza kuvuja, na mwishowe gasketi ya silinda hedi huungua.

Kasoro ya pili ni kula oili. Injini hii hubeba oili isiyofikia lita nne. Nchini Japani, ratiba ya kawaida ni kuibadilisha kila kilomita 15,000, na nusu ya umbali huo kwa gari linalotumika katika mazingira magumu. Hakuna mazingira magumu kuliko vumbi la Mau Narok na mlima wa Sachang'wan. Oili ikikaa mno hugeuka tope, ringi za pistoni hunata, na moshi wa buluu huonekana nyuma ya gari. Tope hilo hilo huziba vali inayodhibiti mfumo wa VVT-i, ambao husogeza muda wa kufunguka kwa vali kwa nguvu ya oili. Dalili zake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, kukosa nguvu mlimani na cheni kulia inapowashwa asubuhi.

Wengi hukimbilia oili nzito ili kuficha moshi. Hilo ni sawa na kufunika kidonda bila kukiosha, kwani oili nzito huchelewa kufika juu ya injini kwenye baridi ya Molo.

Kuna pia suala la mafuta. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa na bei nafuu kuliko petroli na dizeli, na walaghai waliyatumia kuchanganya. Serikali ilianzisha ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018 ili kuondoa kishawishi hicho. Petroli iliyochanganywa hivyo hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na pistoni hugongwa bila dereva kujua chanzo.

Lakini chanzo kikuu cha vifo vya injini hizi si cha kiufundi. Mara nyingi mwenye gari si anayeliendesha. Dereva hutakiwa kupeleka kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kinachosalia ndicho chakula cha watoto wake. Siku ya kubadilisha oili ni siku ya hasara kwake, ilhali faida ya injini kudumu ni ya mwenye gari. Mwenye gari naye huona fedha tu, haoni kipimo cha oili. Kila mmoja humwachia mwenzake.

Injini inapokufa, gharama huwa kubwa zaidi. Kuta za silinda za 1NZ ni nyembamba, zimewekwa ndani ya bloku ya alumini, na si rahisi kuzichonga upya kama za injini za zamani. Kwa hivyo suluhisho la kawaida katika gereji ni kununua injini nyingine iliyotumika kutoka Japani. Sheria huzuia gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, lakini mnunuzi wa injini iliyolala sakafuni hana njia rahisi ya kujua imetembea kilomita ngapi.

Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Lami pana haitaushusha mlima wala kuongeza hewa. Lililo muhimu ni mapatano mapya kati ya mwenye gari na dereva: oili na dawa ya rejeta zitengewe fedha kabla ya hesabu ya jioni, na uzito uheshimiwe.

Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Katika milima ya Mau, punda akifia njiani, mzigo na waliomo ndani hubakia gizani kando ya barabara ambayo malori hushuka kwa kasi.