Daftari ya deni: mzigo wa duka dogo wakati mabenki yamefungwa

Watu wakizungumza juu ya uchumi wa mashariki ya Kongo, wanataja koltani, dhahabu na mipaka. Ni mara chache kusikia mtu akitaja duka dogo la kartie: chumba kimoja chenye rafu za mbao, ambamo chumvi, sabuni, kiberiti, mafuta ya mawese, sambaza kavu, betri na daftari za watoto vinauzwa pamoja. Lakini kwa familia nyingi za makanisa yetu, uchumi wanaoujua ni huo. Tunapenda kulitazama duka hilo kwa makini, kwa sababu limebebeshwa mzigo ambao si wake, nao mzigo huo unakaribia kulivunja.

Duka la namna hii linafanya kazi tatu. Ya kwanza ni kugawa. Mama mwenye faranga za siku moja hawezi kununua gunia la sukari la kilo 50. Mwenye duka ananunua gunia zima, halafu anauza kwa kikombe, hata kwa kijiko. Ndiyo biashara tunayoiita kadogo. Kazi ya pili ni kutunza habari: hapo watu wanaacha ufunguo, wanaulizia mgonjwa, wanajua njia gani imefungwa na nani amehama usiku. Kazi ya tatu, ambayo ni nzito kuliko zote, ni kukopesha. Mwalimu anachukua unga akingojea mshahara. Mjane anachukua sabuni akingojea mtoto aliye mbali atume pesa. Hakuna dhamana wala riba iliyoandikwa. Kuna jina tu, na hesabu katika daftari.

Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mabenki yalifunga milango yao, na kufungwa huko kuliendelea miezi na miezi. Mtu mwenye akiba benki alijikuta kama asiye na kitu. Watu walikimbilia pesa za simu, lakini kupata noti mkononi kulikuwa kugumu, na wenye kutoa pesa walikata sehemu kubwa kuliko desturi. Noti za faranga zilizobaki zilizunguka mpaka zikachakaa, na wengine wakaanza kuzikataa. Katika hali hiyo, watu waligeukia wapi? Waligeukia kwa jirani mwenye duka. Kazi ambayo benki iliiacha, daftari iliichukua.

Tufanye hesabu ndogo ili tuelewe hatari yenyewe. Tuchukue mfano wa duka lenye mtaji wa dola 300. Familia 20 zikichukua deni la dola 10 kila moja, dola 200 ziko katika daftari, na vitu vya dola 100 tu ndivyo viko kwenye rafu. Mwenye duka akienda kwa muuzaji wa jumla, haendi na daftari. Anaenda na pesa. Atanunua nusu gunia pahali pa gunia. Bei yake itapanda, kwa sababu anayenunua kidogo ananunua ghali. Wateja wenye pesa taslimu watakwenda kwingine, na wenye deni ndio watakaobaki. Duka halifi siku ya kuibiwa tu. Linaweza kufa polepole hivi, huku kila mtu akisema, «Nitalipa kesho.»

Kuna pia taabu ya feza mbili. Vitu vinanunuliwa kwa dola, deni linaandikwa kwa faranga. Faranga ikishuka, mwenye duka analipwa hesabu ileile lakini hawezi tena kununua kitu kilekile. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 tuliona kinyume: faranga ilipata nguvu kwa ghafula mbele ya dola, na wateja wakauliza kwa haki kwa nini bei za dukani hazishuki. Mwenye duka naye alijibu kwamba vitu vilivyo kwenye rafu alivinunua kwa hesabu ya zamani. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na mahali pengi ugomvi uliingia kati ya watu wanaoketi kwenye benchi moja la kanisa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka Januari 1993, Serikali ya Zaïre ilipowalipa askari kwa noti mpya za zaire milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa wakazikataa, na askari wakaporomosha mji. Noti inatoka kwa Serikali, lakini ni mwenye duka anayesema kama inanunua mkate au hapana.

Wanakumbuka zaidi mwaka 1973. Kabla ya hapo, miji midogo mingi ya mashariki ilikuwa na magazini za Wagiriki, Wareno, Wahindi na Waarabu. Mkulima alileta kahawa, mpunga au mafuta ya mawese, akarudi nyumbani na chumvi, jembe, panga, kitenge na petroli ya taa. Tusiyapambe mambo: wengi wao walinunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na mwananchi hakupewa nafasi sawa ya kufanya biashara. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaïre. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa utawala na jamaa zao. Waliuza vitu walivyovikuta, wakala faida pamoja na mtaji, wala hawakuagiza vingine. Katika miji mingi rafu zikabaki tupu. Mwaka 1976 Serikali ilikubali kuwarudishia wenye mali wa zamani sehemu ya biashara zao, lakini wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao, na magazini mengi hayakufunguliwa tena.

Tunajifunza nini? Kwamba watu walipewa majengo na vitu, lakini hawakuweza kupewa uhusiano. Ujuzi wa kujua mkulima gani analipa wakati wa mavuno, na lori gani litapita baada ya mvua, haukuandikwa katika amri yoyote. Mkulima aliyepoteza duka alipoteza pia mnunuzi wa kahawa yake. Kujenga upya mambo hayo kulichukua miaka mingi, na waliojenga ni wafanyabiashara wadogo wa kwetu, wakiwemo wamama wengi. Ndio hao ambao leo daftari zao zimejaa.

Kwa hiyo tunaona kwamba deni la dukani ni jambo la kanisa pia. Katika 2 Wafalme sura ya 4 kuna mjane ambaye mkopeshaji alitaka kuchukua watoto wake. Mafuta yalipoongezeka chomboni, Elisha alimwagiza aanze kwa kulipa deni, ndipo aishi na wanawe kwa kile kitakachobaki. Muujiza haukufuta haki ya aliyekopesha. Na mkopeshaji mkali hakusifiwa.

Tunashauri mambo manne, nayo hayahitaji msaada kutoka mbali.

Kwanza, deni liandikwe mara mbili, katika daftari ya mwenye duka na katika karatasi ya mteja, na itajwe wazi kama ni dola au faranga. Ugomvi mwingi utakwisha hapo.

Pili, asiyeweza kulipa yote alipe sehemu, hata faranga 500. Anayebadili njia ili asionwe na mwenye duka anamnyima mtaji, na pia anamnyima jirani anayefuata nafasi ya kukopeshwa.

Tatu, wenye maduka wasiitumie hofu. Kuficha chumvi ili ipande bei, au kupunguza kipimo cha kopo siku watu wanaposikia risasi, ni kuuza uaminifu ambao hawataweza kuununua tena.

Nne, makanisa yenyewe yaangalie matumizi yake. Tunapokusanya sadaka kwa ajili ya wakimbizi wa vita, je, tunanunua vyote kwa muuzaji mkubwa wa mjini? Sehemu ikinunuliwa kwa taslimu katika duka la kartie, faranga ileile inasaidia mara mbili: inalisha mgeni na kurudisha gunia kwenye rafu. Vikundi vyetu vya AVEC na likelemba vingeweza pia kumkopesha mwenye duka aliyekwama, kama yeye alivyotukopesha sisi.

Baraza la wazee katika kila parokia linaweza kuanza na swali moja: wachungaji, waalimu wa shule zetu na watumishi wa kanisa wana deni gani katika maduka ya jirani, na litalipwa lini? Jibu lianzie kwetu, kabla hatujawahubiria wengine.