Kadi ikichomolewa, nani anabaki kuwajibika?

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya kuziba mianya ya usalama katika mfumo wake wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017.

Kwa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala huko Kimandolu, jijini Arusha, uamuzi huo una maana moja. Ama anunue mashine mpya, ama atafute mfumo mwingine. Wengi hushauriwa kuhamia Linux, ambayo haina ada ya leseni.

Ushauri huo ni mwema, lakini unaacha swali muhimu: je, vifaa vyake vya zamani vitatambuliwa?

Jibu limo ndani ya kiini cha mfumo, mahali ambapo watumiaji wachache hupatazama. Kila kifaa huhitaji kiendeshi, yaani programu inayokiongoza. Kiini nacho humpa mwandishi wa kiendeshi vifungu vya programu vilivyo tayari, ambavyo huviita kila anapohitaji huduma fulani.

Mfano mzuri ni kadi za PCMCIA, zile zilizochomekwa ubavuni mwa kompyuta za mkononi katika miaka ya 1990 na 2000 ili kuongeza modemu au mtandao. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, na pini 68. Linux ilianza kuzihudumia kwa kazi ya David Hinds, na mwaka 2001 huduma hiyo ikatoka ndani ya kiini chenyewe, toleo la 2.4.

Utaratibu wake hauna maajabu. Kiendeshi hujisajili kwenye kiini na kutaja kadi kinazozifahamu. Kadi ikichomekwa, kiini husoma maelezo yaliyohifadhiwa ndani yake, kisha humwita mhusika. Kiendeshi nacho huomba anwani za mawasiliano, huomba njia ya kupokea ishara, halafu huiwasha kadi.

Ugumu upo kwenye kuondoka. Kadi ya aina hii inaweza kuchomolewa wakati wowote, hata katikati ya kazi. Kiendeshi kikiendelea kuiuliza kadi isiyokuwapo, mara nyingi hupata jibu lile lile, namba 255, na kisipokuwa makini kitazunguka hapo hadi mashine igande. Ndiyo maana lazima kirudishe kila kilichoazimwa, na kihakikishe hakuna programu inayoendelea kuigusa kumbukumbu iliyokwishaachiwa.

Kosa la namna hiyo halikuwa la nadharia tu. Mwaka 2022 iligundulika kwamba baadhi ya viendeshi vya kadi hizo, vikiwamo vya visomeo vya kadi zenye chipu, viliweza kugusa kumbukumbu iliyoachiwa endapo kadi ingechomolewa wakati programu inakifungua kifaa. Badala ya kuvitengeneza, wasimamizi wa Linux waliviondoa katika toleo la 6.4, lililotoka Juni 2023.

Je, waliwaonea watumiaji? Kwa mtazamo wa makala haya, hapana. Kiendeshi kisicho na mtunzaji ni mlango usio na mlinzi. Isitoshe, walieleza kwamba uamuzi huo ungeweza kutenguliwa endapo angejitokeza mtu anayevitumia, na msimbo wake bado upo wazi kwa yeyote.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Katika utaratibu huo, asiyesema huhesabiwa kuwa hayupo. Mwenye kifaa cha zamani Arusha, kama hana mtu wa kumsemea, hufutwa kimya kimya pamoja na kiendeshi chake.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kazi ile ilihusu uso wa kompyuta, yaani maneno ambayo mtumiaji huyaona. Kiini kiliendelea kuwa cha wengine.

Wala si hoja kwamba kadi za PCMCIA zimepitwa na wakati, kwani kanuni ni ile ile kwa modemu za USB zinazochomekwa leo: kujisajili, kutambua, kuhudumia na kuachia salama. Anayeielewa kadi ya zamani ameielewa pia modemu ya sasa.

Arusha haina upungufu wa mahali pa kufundishia jambo hilo. Kipo Chuo cha Ufundi Arusha, na ukiipita Kimandolu kuelekea Moshi unafika Tengeru, ilipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Kompyuta kuukuu moja na kadi iliyokwishatupwa zinatosha kwa somo la kwanza, tena bila hofu ya kuharibu kifaa cha thamani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayeletewa mfumo usio na ada atapona tu iwapo mwenyeji anajua kuutunza. Vinginevyo, tutakuwa tumehama kutoka kumtegemea mmoja na kwenda kuwategemea wengi, huku kompyuta zetu zikiendelea kugeuka taka kwa uamuzi ambao hatukushiriki kuufanya.